Eli, Yahwe na Imana: Waisraeli walivyojifunza kwamba Mungu ni mmoja



Katika likizo iliyopita tulitumwa kufundisha jumuiya ndogondogo za parokia moja ya ufukweni, kusini mwa Ujiji. Siku ya mwisho mzee mmoja alisimama akauliza: "Mafrateri, mnasema Mungu ni mmoja. Babu yangu hakubatizwa, lakini kila alipopata shida alimtaja Imana. Alikuwa akisema na nani?" Tulijibu kwa maneno makubwa ya darasani. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akakaa. Tulijua hatukumjibu, na makala hii ni jaribio la pili.

Wengi wetu tunadhani Abrahamu alipewa fundisho la Mungu mmoja likiwa kamili siku ile ile alipoitwa. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Katika sura ya 24 ya kitabu chake, Yoshua anawakumbusha Waisraeli waliokusanyika Shekemu kwamba baba zao ng'ambo ya Mto waliabudu miungu mingine, na anawadai waiondoe ile ambayo bado wanayo. Hata amri ya kwanza, ukiisoma polepole, inakataza kuwa na miungu mingine. Haisemi bado kwamba haipo. Kuabudu mmoja tu ni hatua moja, na kutambua kwamba yupo mmoja tu ni hatua nyingine. Kati ya hatua hizo mbili zilipita karne kadhaa.

Njia hiyo inaonekana vizuri katika majina ya watu. Israeli, Samweli na Danieli yanabeba jina Eli. Isaya, Yeremia na Yosia yanabeba jina la Yahwe kwa kifupi. Jina la Eliya linaunganisha yote mawili: Mungu wangu ni Yahwe. Sasa Eli halikuwa jina la Waebrania peke yao. Mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929 huko Ugarit, pwani ya Siria, yanamtaja Eli kama mkuu wa miungu na baba. Mababu wa Israeli walilitumia jina hilo la jirani, na katika sura ya 6 ya kitabu cha Kutoka Mungu anamwambia Musa kwamba ndiye aliyewatokea akina Abrahamu kwa jina la Eli Shadai. Hakusema walikosea anwani.

Kwa Baali mambo yalikuwa tofauti. Sauli alikuwa na mwana aitwaye Eshbaali. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinamtaja hivyo. Lakini katika kitabu cha pili cha Samweli anaitwa Ishboshethi, na "boshethi" maana yake ni aibu. Mwandishi hakuvumilia hata kuliandika jina la Baali. Kwa nini Eli akubaliwe na Baali akataliwe? Kwa maoni yetu, jina la Eli liliweza kubeba yale ambayo Mungu alijifunua kuwa: muumba, baba, mwenye huruma. Baali alikuwa mungu wa kazi moja, mvua na rutuba, na watu walimwendea kwa ajili ya kazi hiyo.

Hapo ndipo ugomvi wa mlima Karmeli unapoeleweka. Nchi ilikuwa na ukame. Watu waliokusanyika pale hawakuwa wamemkana Yahwe. Walimbakiza, wakamwongeza Baali pembeni kwa ajili ya mvua. Mwaka 1975 na 1976 wachimbaji walipata huko Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, mitungi ya karibu mwaka 800 K.K. yenye maandishi ya baraka kwa jina la Yahwe "na Ashera yake". Wapo wanaoshtuka wakisikia habari hii. Sisi tunaona mitungi hiyo inawaunga mkono manabii: walilalamikia jambo lililokuwapo kweli.

Nasi tuliokulia kando ya ziwa tunalifahamu jambo hilo. Mvuvi anasali rozari jioni kabla ya kwenda kuwasha taa za dagaa, na chini ya ubao wa mtumbwi kuna hirizi. Ukimwuliza, atakuambia Mungu ni mmoja. Hirizi ni ya samaki tu.

Lililobadilisha mambo kabisa ni msiba. Mwaka 587 K.K. Wababeli waliteketeza Yerusalemu na hekalu, wakawapeleka watu uhamishoni. Kwa hesabu ya zamani, taifa likishindwa mungu wake ameshindwa. Nabii anayesema katika sura ya 40 hadi 55 za Isaya aligeuza hesabu hiyo: Yahwe ndiye anayeongoza hata historia ya Babeli, na Koreshi mfalme wa Uajemi, asiyemjua, anaitwa masihi wake. Hapo ndipo inapotamkwa wazi, tena mara kwa mara, kwamba hakuna mwingine. Wagiriki nao walifika karibu na wazo la mmoja kwa njia ya akili, na tunawasoma kwa furaha, lakini hatujasikia mjane aliyemlilia Msogezaji Asiyesogezwa wa Aristotle usiku wa manane.

Imani hiyo iliyokomaa uhamishoni ilifika hadi kwetu kwa njia mbili. Waislamu wa misafara walikuwa Ujiji kabla ya Wamisionari wa Afrika kuwasili Januari 1879. Wote wawili walijitaja kuwa wana wa imani ya Abrahamu, na kwa Kiswahili wote wakasema "Mungu", neno la Kibantu. Waha walikuwa na Imana, jina wanaloshiriki na Warundi na Wanyarwanda. Lipo hadi leo katika majina ya watu, kama Hakizimana na Habonimana, sawa kabisa na Eli katika Samweli. Mambo ya ardhi yao, hata hivyo, waliyapeleka kwa mteko na matambiko yake.

Kwa hiyo, mzee wetu, tungekujibu hivi. Babu yako alisema na Mungu yule yule, kwa jina aliloachiwa, kama Yakobo alivyosema na Eli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unakiri kwamba mataifa mbalimbali yamemtambua Mungu Mkuu, pengine hata Baba. Kama babu yako alikuwa pia na wengine aliowaendea kwa ajili ya mvua au mavuno, Israeli nayo ilikuwa nao, na Mungu aliivumilia na kuilea muda mrefu. Sisi tuliobatizwa hatuna udhuru huo.

Likizo ijayo tunatarajia kurudi kule. Tutampa mzee jibu hili, kisha tutamwuliza jambo ambalo siku ile hatukulikumbuka: babu alipomtaja Imana, alimwomba nini?