Yoti Kuukuu na Injini Inayochemka

Swali: Msomaji wa Kilifi ana yoti yenye injini ya dizeli ya Yanmar 2GM20. Mwendo wa pole hauna shida. Akiikaza, joto linapanda na mvuke unatoka tezi. Ameshabadilisha themostati mara mbili.

Jibu: Themostati huonewa bure. Injini hii hupozwa na maji ya bahari yenyewe, hivyo ukaguzi uanzie yanakoingia. Injini ikiwa imezimwa, afunge valvu, achomoe mpira, kisha afungue valvu yote kwa muda mfupi. Maji yakichuruzika badala ya kuruka kwa nguvu, huenda chaza wameziba tundu.

Inafuata pampu. Ndani yake mna gurudumu la mpira lenye mapanga laini. Panga moja likikosekana, kufunga gurudumu jipya hakutoshi: kipande kilichokatika kimekwama mbele huko, na lazima kitafutwe.

Mshukiwa mkuu, hata hivyo, ni kiwiko cha bomba la moshi, pale maji yanapokutana na moshi. Masizi na chumvi hugandamana humo kidogo kidogo hadi njia inabaki nyembamba. Mwendo wa pole moshi hupenya. Injini ikikazwa, husongwa. Kiwiko kifunguliwe na kuchunguliwa kwa tochi. Kikiwa kimeliwa na kutu, kukwangua ni kazi bure, kinunuliwe kipya.

Na hizo themostati mbili? Ahakikishe ni za aina inayofaa. Aina ya maji ya bahari hufunguka kwenye nyuzi 42 hivi. Ya injini ya maji baridi huchelewa, na joto likipita nyuzi 60 chumvi huganda ndani ya injini.