Kumshuhudia Maiti Pepo au Moto

Ndugu zetu wanaohudhuria darsa hapa Kayole, na wengi wao asili yao ni watu wa Mwambao, wametuuliza suali ambalo kila mwaka hurudi: Je, yafaa Muislamu afurahi kwa mauti ya mwalimu wa dini aliyeamini kuwa anawapoteza watu? Na wengine wakauliza kinyume chake: Je, yafaa kumwita mtu huyo shahidi? Suali hili chanzo chake ni kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo. Wako watu wanaosali safu moja nasi, bega kwa bega, na wakishatoa salamu ya Sala hawapeani salamu ya Kiislamu kwa ajili ya khitilafu hii. Jambo likifika hapo halifai kunyamaziwa.

Khabari yenyewe ni hii. Tarehe 27 Agosti 2012, huko Mombasa, Sheikh Aboud Rogo alimiminiwa risasi ndani ya gari akiwa pamoja na watu wa nyumbani kwake, akafa, na mkewe akajeruhiwa mguu. Mwezi mmoja kabla, Julai 2012, Marekani na Umoja wa Mataifa zilikuwa zimemwekea vikwazo kwa tuhuma ya kuwasaidia al-Shabaab wa Somalia. Zamani zaidi alishitakiwa kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, na mwaka 2005 mahakama ikamwachia. Siku aliyouawa alikuwa na kesi nyingine ambayo haijahukumiwa. Alizikwa siku ile ile, na Mombasa ikawaka moto: makanisa yakavamiwa, maduka yakavunjwa, na siku ya pili askari wakatupiwa guruneti, wakafa watu.

Hapo watu wakagawanyika. Wako waliosema kwa sauti kubwa kuwa ni shahidi na makao yake ni Peponi. Wako waliohimidi kuwa wamepumzika, na miongoni mwao ni wazazi ambao watoto wao walivuka mpaka kwenda Somalia; hao hatuwezi kuwalaumu kwa machungu yao. Na wengi wakanyamaza, wakiwaogopa askari upande mmoja na vijana upande wa pili.

Ama waliofurahi, wanayo hoja. Husema kuwa Hasan al-Basri aliposikia amekufa Hajjaj bin Yusuf, mwaka wa 95 wa Hijra, alisujudu kumshukuru Mungu. Khabari hiyo imepokewa, nasi hatuikanushi. Lakini Hajjaj alikuwa mtawala mwenye upanga mkononi, na alikufa kwa maradhi. Watu walishukuru kuondoka kwa dhulma, hawakushukuru mtu kuuawa njiani bila ya hukumu. Sharia imeweka kisasi na adhabu mikononi mwa kadhi na mtawala baada ya ushahidi, wala si mikononi mwa mtu aliyejificha na bunduki. Mshitakiwa huyu kesi yake ilikuwa mbele ya hakimu. Watu wengi wa Pwani waliwatuhumu polisi, na polisi wakakana, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa damu hiyo.

Kisha tazameni mlango ulivyobaki wazi. Tarehe 1 Aprili 2014 aliuawa Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Tarehe 10 Juni mwaka huo huo akauawa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, karibu na nyumba yake Likoni. Na yeye alikuwa mpinzani mkubwa wa njia ya hao wawili. Aliyeshangilia risasi ya kwanza alikuwa na neno gani la kusema kwa hii ya tatu?

Ama waliomwita shahidi, na waufungue Sahihi wa Bukhari. Humo umo mlango mzima wa kukataza kusemwa kuwa fulani ni shahidi. Na katika khabari za Khaybar, mtumishi wa Mtume s.a.w. alipigwa mshale akafa, na masahaba wakampongeza kwa Pepo. Mtume akawaambia kuwa ile nguo aliyoiiba katika ngawira yamuwakia moto. Ikiwa masahaba walizuiliwa kukata hukumu kwa aliyekufa mbele ya macho yao katika safari ya Mtume, sisi tumepata wapi ruhusa? Na kumchomea Mkristo kanisa kwa kudai kumpenda maiti ni dhulma juu ya dhulma, kwani yule Mkristo hakumuua.

Hapa mwanafunzi mmoja akatutajia Hadithi mbili zinazoonekana kupingana, na alifanya vyema. Ya kwanza, ya Bibi Aisha r.a., yakataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Ya pili, ya Anas r.a., yasema jeneza lilipita watu wakalisema vibaya, na Mtume asiwakataze, bali akasema kuwa wao ni mashahidi wa Mungu katika ardhi. Imam Nawawi amezipatanisha: kilichokatazwa ni matusi, ama mtu aliyedhihirisha uovu au uzushi yafaa kutajwa kwa yale aliyoyadhihirisha, ili watu wasimfuate. Basi mihadhara ya marehemu iliyorekodiwa ingali ikisikizwa na vijana, na aliye na ilimu na aijibu neno kwa neno, kwa Aya na kwa Hadithi, hata kwa kumtaja jina. Na hilo ndilo lililokuwa wajibu wetu alipokuwa hai, na wengi wetu tuliliacha tukangojea wengine watufanyie kazi kwa njia nyingine.

Sayyidna Ali r.a. alipigana na Makhawarij waliomkufurisha na kumwaga damu za Waislamu. Alipoulizwa kama hao ni makafiri, alikataa, akasema kuwa ukafiri ndio walioukimbia, na kwamba ni ndugu waliowaasi. Na Ibn Taymiyya, Ibn al-Qayyim alipomjia na khabari njema ya kufa kwa adui yake mkubwa, alimkemea, akaenda hapo hapo kwa watu wa maiti akawapa mkono wa tanzia, akawaahidi kuwa atasimama mahali pake kwa haja zao. Wajane na mayatima hawana khutba waliyoitoa.

Kwa hivyo aliyekufa katika Uislamu aombewe maghufira, na makosa yake yarudishwe kwa dalili, na aliyemuua adaiwe damu. Haya yote matatu yasemwe pamoja. (Ama khitma ya arubaini na mapilau yake, tumekwisha kuyasema, na waliokasirika wangali wamekasirika.)

Jirani Mkristo wa ploti moja nawe, mnayechota maji mfereji mmoja, akikuuliza kama huyo alikuwa sheikh wenu, mjibu kwa hayo hayo matatu; ana haki ya kujua kuwa yu salama nawe. Na wale wawili wasiosalimiana, Mtume s.a.w. amewahalalishia siku tatu tu za kuhamana, nao wametimiza miaka. Tumewaita waje Ijumaa hii baada ya Sala ya Isha. Suali la kumsalia aliyejiua, lililokuja pamoja na hili, tutalijibu katika toleo lijalo, Inshaallah.