SOMO LA TAWI: NGUO ULIYOILIPIA IKIFIKA NYUMBANI NA KIDUDE CHA KUZUIA WIZI



Somo letu la toleo hili linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linaweza kumtia mfanyakazi hasara na aibu kwa siku moja. Ni kile kidude kigumu cha plastiki ambacho maduka makubwa hukifunga kwenye nguo ili isiibiwe. Umenunua nguo, umelipa fedha halali, umepanda basi. Unafika nyumbani, unafungua mfuko, na kidude bado kimeng'ang'ania shingoni mwa shati. Ufanye nini?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa hapa kwetu Nchelenge. Ni mwezi wa Januari, shule zinafunguliwa. Uvuvi wa ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo Kashikishi fedha ni chache. Mfanyakazi huyu amekwenda Mansa kwa shughuli zake na amenunua sare za watoto wawili. Kutoka Mansa hadi huku ni zaidi ya kilomita 200. Akigundua kidude usiku ule, kurudi dukani kesho yake ni nauli ya kwenda na kurudi na kibarua cha siku nzima kimepotea. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia koleo. Somo hili linaeleza kwa nini koleo si dawa, na dawa ni ipi.

KIDUDE HIKI NI NINI?

Vidude hivi vilianza Marekani katika miaka ya 1960. Arthur Minasy na Ronald Assaf, kila mmoja na kampuni yake, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvitengeneza. Assaf alikuwa meneja wa duka katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, na alichoshwa na wezi. Kutoka huko vilienea duniani, na leo vimo katika maduka ya miji yetu.

Kidude kina sehemu mbili. Upande mmoja ni pini kama msumari wenye kichwa bapa, unaopita ndani ya kitambaa. Upande wa pili ni kijumba kinachoishika ile pini. Ndani ya kijumba, kwa kawaida, mna gololi ndogo tatu zinazosukumwa na springi. Ukivuta pini, gololi zinazidi kuibana. Ukivuta kwa nguvu zaidi, kinachoachia kwanza ni kitambaa. Kinachozifungua gololi ni sumaku yenye nguvu iliyowekwa kwenye meza ya keshia.

Ndani ya kijumba mna pia kitu kinachojibu mawimbi ya redio au ya sumaku yanayotoka kwenye nguzo za mlangoni. Aina moja hutumia mawimbi ya megahezi 8.2. Nyingine ina kipande cha chuma kinachotikisika mara 58,000 kwa sekunde. Nguzo zikisikia jibu, kengele inalia. Ni hayo tu. Kidude hakina betri, hakijui jina lako, wala hakiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba uko Nchelenge. Wanaosema kinakufuata hadi nyumbani wanakutisha bure.

Viko vingine vyenye vichupa vidogo vya kioo vilivyojaa wino. Ukikilazimisha, vichupa vinapasuka na nguo inaharibika kabisa.

KWA NINI KENGELE HAIKULIA?

Mlinzi wa mlangoni huuliza hivyo, na mnunuzi pia hujiuliza. Sababu ziko nyingi. Nguzo huenda zimeharibika. Huenda duka limefunga vidude vya aina moja na nguzo za aina nyingine. Au umeme haukuwapo. Tunakumbuka mwaka wa 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Nguzo isiyo na umeme ni mti mkavu tu.

Kwa hiyo kutolia kwa kengele si ushahidi kwamba umeiba, wala si ushahidi kwamba umelipa. Ushahidi ni risiti.

RISITI NDIYO MKATABA WAKO

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ndiyo daftari la mnunuzi. Tena hapa kuna jambo zito. Sheria ya Adhabu ya Zambia inasema kwamba mtu akikutwa na kitu kinachoshukiwa kwa haki kuwa cha wizi, akashindwa kuieleza mahakama alikipataje, anaweza kupatikana na hatia. Nguo yenye kidude cha duka, mikononi mwa mtu asiye na risiti, huleta shaka upesi. Ndugu zetu waliotoka Kongo, wale wa makazi ya Mantapala na wale wanaovuka ziwa kutoka Kilwa, wanajua kwamba mtu mgeni huulizwa maswali mengi kuliko mwenyeji. Kwao risiti ina thamani kuliko nguo yenyewe.

Angalieni pia kwamba karatasi za risiti nyingi za siku hizi haziandikwi kwa wino. Huandikwa kwa joto. Ukiiweka juani, karibu na jiko, au mfuko wa shati wenye jasho, maandishi yanafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Ipige picha kwa simu siku ile ile. Kama huna simu ya picha, nakili kwenye daftari: jina la duka, tarehe, bei na namba ya risiti, kisha ihifadhi mahali pakavu penye kivuli.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, kabla ya kutoka dukani, papasa kila nguo: kola, pindo, kiuno na ndani ya mikono. Hesabu nguo na risiti pamoja. Dakika mbili za mlangoni zinaokoa nauli ya Mansa.

Pili, ukikuta kidude nyumbani, usiivae nguo, usiifue, na usiguse kidude kwa koleo, kisu au moto. Nguo ikichanika mkononi mwako, mwenye duka atasema umeiharibu wewe, na madai yako yatakuwa dhaifu.

Tatu, piga simu dukani siku hiyo hiyo kwa namba iliyo kwenye risiti. Taja namba ya risiti na tarehe, na uandike jina la aliyekujibu. Uliza kama tawi lao lililo karibu nawe linaweza kukiondoa.

Nne, usisafiri peke yako kwa ajili ya kidude kimoja. Katibu wa tawi na aandike majina ya wenye shida hiyo. Mwenzetu anayekwenda mjini kwa kazi nyingine abebe nguo zote pamoja na risiti zake. Wachuma chai wa Kawambwa na wafanyakazi wa huku ziwani wanapita njia moja, basi na washirikiane.

Tano, mwenye duka akikuambia ukiondoe mwenyewe, mwombe akuandikie ujumbe wa simu unaosema hivyo. Neno la mdomo huruka na upepo.

SHERIA INASEMAJE?

Maduka mengine yalizoea kubandika tangazo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Msitishwe nalo. Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji, Namba 24 ya mwaka 2010, inakataza matangazo ya namna hiyo. Sheria hiyo pia inamtaka muuzaji aliyeuza bidhaa yenye kasoro, au isiyofaa kwa kazi yake, arudishe fedha au atoe bidhaa nyingine katika siku 7. Shati lisiloweza kuvaliwa halijafaa kwa kazi ya shati. Kwa kuwa siku ni chache, toa taarifa mapema. Muuzaji akikaidi, peleka malalamiko kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo, inayojulikana kwa herufi CCPC.

NA NGUO ZA SALAULA?

Wengi wetu tunavaa salaula, wanayoiita mitumba Tanzania. Mara nyingine belo hufunguliwa na ndani mna nguo mpya zilizokosa wanunuzi huko Ulaya, zikiwa bado na vidude. Mara nyingine nguo kama hiyo imeibiwa katika duka la mjini na kuchanganywa kwenye lundo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mchuuzi hana sumaku wala risiti ya duka. Muulize imetoka belo gani, na kama hana jibu, iache. Bei nafuu isikununulie kesi.

KESHIA NAYE NI MFANYAKAZI

Jambo la mwisho, na ndilo la Chama. Mnaporudi dukani msimtukane keshia. Yeye amesimama tangu asubuhi, foleni ni ndefu, meneja yuko nyuma yake. Kuna mahali ambapo nguo ikipotea keshia na mlinzi hutishiwa kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira, Namba 3 ya mwaka 2019, imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na mwajiri hawezi kujikatia apendavyo. Mwambieni keshia hivyo, na mumwulize kama ana chama. Daini haki yenu kwa mwenye duka, si kwa mwenzenu aliye mnyonge kama ninyi. Kidude kimoja kilichosahaulika kinaweza kutugombanisha wanyonge kwa wanyonge, au kutukutanisha. Hilo liko mikononi mwetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Kwa nini kutolia kwa kengele ya dukani si ushahidi wa kulipa?
2. Risiti zetu tunaziweka wapi? Nani hapa anaweza kuonyesha risiti ya mwezi uliopita?
3. Tawi letu litamchagua nani aandike orodha ya wenye shida na nguo zenye vidude?
4. Mlinzi akimshika mwenzetu mlangoni naye ana risiti, tumfundishe aseme nini, na anyamaze wapi?

Umoja ni nguvu.