Mafunzo Niliyopata Nikisomea Ngoma Dar es Salaam

Nimekulia Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mganda ukipigwa hakuna anayeuliza utachezewa wapi. Uwanja upo, udongo wake umeshindiliwa na nyayo za watu waliokwisha kufa zamani. Wajomba zangu walikuwa wakivaa nguo nyeupe, wanajipanga mistari na kupiga hatua za gwaride, maana mganda una undugu na beni, ile ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na kwata za wakoloni. Sisi wanawake tulikuwa na kioda yetu. Kisha nikaja Dar es Salaam kusomea ngoma, na mji huu ukanipa ngoma za kila kabila pasipo mahali pa kuzikanyagia. Sindimba, lizombe, bugobogobo, msewe, zote nilizipata darasani kwa mwalimu. Haya ninayoandika niliyapata nikihangaika na nafasi.

1. Chumba hupimwa kwa mwili

Dalali anapenda kukuonyesha chumba akiwa amesimama mlangoni. Atakusimulia habari za maji, LUKU mnachangia vipi, geti linafungwa saa ngapi. Hatakwambia kwamba kitanda cha futi 5 kwa 6 kikishaingia, kinachobaki ni njia ya kuendea mlangoni. Vyumba vya uswahilini vingi ni futi 10 kwa 10, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Pesa ya namna hiyo huitoi kwa kuangalia rangi ya ukuta.

Mimi nililala chali sakafuni, nikanyoosha mikono, nikazunguka mzima mzima mpaka vidole vikagusa pande zote nne. Dalali alishika kichwa.

“Dada, unapanga chumba au unapima kaburi?”

Nilikichukua. Kitanda sikununua, godoro likisimamishwa ukutani asubuhi, napata uwanja wa kutosha kwa kiuno na mabega. Kwa miguu hautoshi, na hata ungetosha, kuna mama mwenye nyumba chumba cha pili ambaye usingizi wake wa alfajiri hauna mzaha.

2. Mchezaji achague anapokanyaga

Kuna maumivu ya mbele ya mguu, kwenye muundi, ambayo kila mwanafunzi wa ngoma mjini anayajua. Huyasikii ukiwa unacheza. Unayasikia kesho yake, unaposhuka ngazi ukishikilia ukuta.

Chanzo chake ni sakafu. Ngoma zetu nyingi zimetungwa juu ya udongo, na udongo hunywa kishindo. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini nalo hubonyea kidogo na kukurudisha. Saruji hainywi kitu, na vigae vikiwekwa juu yake ndiyo balaa, kwa sababu sasa unapigwa na unateleza. Kishindo chote unachokitoa kinapanda tena mguuni, na katika lizombe moja unakanyaga mara ngapi? Kuvaa raba siyo jawabu. Mlio wa unyayo mtupu ni sehemu ya muziki, na njuga zikifungwa juu ya raba zinalia nusu nusu. Mkeka hausaidii kitu.

Kwa hiyo nimegawa mazoezi. Kwenye saruji nacheza kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu naitajataja tu: hatua ipo, uzito haupo. Kukanyaga kwenyewe nakupeleka pwani.

3. Usiende Coco kabla ya kuuangalia mwezi

Watu wanaujua ufuo wa Coco kwa mihogo ya kukaanga na upepo wa jioni. Kwa mchezaji, Coco ni sakafu, tena ya bure, ila haipo saa zote. Mchanga mkavu wa juu hauchezeki, unameza kifundo cha mguu na kukuchosha bure. Unaotafutwa ni ule uliotoka kufunuliwa na maji, wenye unyevu, mgumu kiasi cha kuacha alama ya unyayo bila kuzama. Ukipiga kishindo hapo kinapokelewa vizuri, na mguu unanyanyuka bila kubishana nao.

Kumbe mchanga huo una ratiba yake. Sisi wa ziwani hatuna habari ya maji kupwa na kujaa. Maji yetu hukaa yalipo. Aliyenifundisha ni muuza madafu mmoja, baada ya kunikuta nimesimama nimebeba njuga zangu mbele ya bahari iliyofika ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti yake hapa Dar inapita mita 3. Siku hizo hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na ufuo unakuwa mpana wa kutosha vikundi viwili bila kugombana. Katikati ya hizo ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji mbali, na saa nne hiyo hiyo ndiyo maji yamejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwanafunzi mwenzetu mmoja amebandika kalenda ya mwezi ndani ya kabati, na ndiye anayetutumia ujumbe: “Jumamosi bamvua, saa mbili na nusu tuwe chini.”

Jua la saa nne ni kali, hilo sikatai.

4. Ngoma ni abiria

Ngoma ya mti si kitu cha kupakata. Konda wa daladala ataiona kabla hajakuona wewe. Nimekuwa nikibishana nao kutoka Mwenge, Makumbusho, Buguruni, na hoja ni ile ile.

“Dada, hilo dude linakaa siti ya mtu.”

“Litakaa mapajani.”

“Basi na mwenye mapaja alipe mara mbili.”

Nimejifunza kulipa nusu nauli bila kelele, na kukaa kiti cha nyuma kabisa, maana konda huyo huyo aliyesema hakuna nafasi atakuwa anaita abiria kituo kinachofuata, “Twende, nyuma nafasi ipo!” Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 wengi tulishukuru, lakini ngoma na mwendokasi saa kumi na moja jioni pale Kivukoni haviendani. Unashuka nayo ikiwa imepasuka ngozi, au unabaki kituoni nayo.

Halafu kuna moto. Hewa ya Dar ina unyevu, ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea inatoa sauti ya ndoo. Lazima iote moto kabla ya kupigwa. Kijijini hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mjini ukiwasha maboksi nyuma ya ukumbi wa harusi, mlinzi anakuja mbio na ndoo ya maji, na ukichelewa kumweleza ameshaimwagia na ngoma. Siku hizi mpigaji wetu anaanza na mlinzi: anamsalimia, anampa soda, anamwonyesha ngozi ikikazika. Wengine huishia kubaki hapo wakigonga gonga kusikia kama imeiva.

5. Kula mapema

Mama ntilie mzuri humaliza wali maharage saa nane. Mazoezi yetu yanaisha jioni, ikiwa imebaki chipsi tu kila kona, na chipsi za kila siku hazijengi misuli ya mapaja. Nimemwomba mama wa karibu na chuo aniwekee sahani. Ananiwekea, na ananisema kwa kuchelewa.

6. Jukwaa linakata duara

Uani kwetu kuna bibi wa Newala, amekuja kukaa kwa mjukuu wake. Jioni moja nilikuwa narudiarudia sindimba karibu na karo, ile tuliyoandaa kwa ajili ya mtihani, naye amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Alinitazama mpaka nikamaliza. Nikamwamkia upya, “Shikamoo bibi,” nikitarajia sifa.

“Marahaba. Sasa mbona unauchezea ukuta?”

Nikamweleza kwamba mbele pale ndipo watazamaji watakaa. Akacheka, akaita mjukuu aje asikie. Kwao, aliniambia, sindimba huchezwa watoto wakitoka jandoni na unyagoni: watu huzunguka, wapigaji wapo hapo hapo, na mchezaji anacheza na mpigaji, na wenzake, na yeyote aliyeingia. Hakuna mbele. Kiuno kina kazi yake na aliye karibu anakiona kinavyofanya kazi, huna haja ya kukitangaza.

Niliyasoma haya chuoni kwa maneno mengine. Baada ya uhuru serikali iliunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma, katika miaka ya 1960, kikazikusanya ngoma za makabila na kuzipandisha jukwaani mbele ya viongozi na wageni. Kikundi kilipokoma, kazi ikaendelezwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ndicho TaSUBa. Sindimba ilivuma kuliko zote. Ili ionekane na mtu aliyekaa mita 30 mbali, duara likafunguliwa likawa mstari, mgongo ukapangiwa pa kuelekea, kiuno kikaongezwa chumvi, na ngoma inayoweza kuchukua usiku mzima ikakatwa iwe ya dakika chache. Walimu wa walimu wetu walifundishwa hiyo, nasi tunafundishwa hiyo.

Sitaki kuidharau. Bila jukwaa mimi wa Mbamba Bay nisingeijua sindimba hata kwa jina. Ila tangu siku ile nafanya kitu kimoja: kila ngoma mpya nikishaishika kwa mstari, nawaomba wenzangu tuicheze duara, hata mara moja, hata kama mtihani hautaki. Inabadilika yote. Unajikuta unamsikiliza mpigaji kwa sababu unamwona mikono, na aliyepitwa na hatua harudi nyuma ya mstari kujificha. Mwalimu aliingia siku moja akatukuta hivyo, akavua viatu.

Bibi bado hajaniambia kama nimeiweza. Anasema ninajitahidi, na kwa wazee wa Newala sijui hilo lina uzito gani.

7. Harusi: kwanza advansi

Mwanafunzi wa ngoma jijini anakula kwa harusi, sendofu na kichen pati. Tunaingiza bibi harusi ukumbini, tunapiga dakika kumi, tunatoka. Usicheze kwa ahadi ya MC. Wapo wema, na yupo mmoja aliyezima simu tangu mwaka juzi. Sasa nusu inapokelewa kabla ya kufunga kibwebwe, na makubaliano yanaandikwa kwenye ujumbe wa simu, hata kama ni shangazi ya mtu.

Fedha za kutunzwa ndizo huvunja vikundi. Mgeni mwenye furaha humtunza mchezaji aliye mbele, anayetabasamu, na hasa aliye msichana. Mpigaji mikono yote ina kazi, ataifuata noti saa ngapi? Sisi tunatupa zote kwenye ungo mmoja na kugawa sawa, mpigaji na aliyebeba ngoma kwenye daladala wakiwamo. Aliyekataa utaratibu huo alihamia kikundi kingine, tukaendelea.

Nafasi ya kucheza, usiiulize. Kati ya meza ya keki na spika utapewa mahali pa mkeka mmoja, na hapo mcheze bugobogobo watu sita, kila mmoja na jembe mkononi.

8. Mtaa nao una walimu

Vijana wa singeli wa Manzese na Tandale wana miguu ambayo sijaiona kwenye darasa lolote. Muziki unapita mapigo 200 kwa dakika, nao wanakata ndani yake, wanasimama ghafla, wanaingia tena bila kupotea. Tena wanafanya hivyo kwenye uchochoro, miguu mingi kwenye upana wa mlango. Chuo kinachosubiri singeli izeeke ndipo ikaitwe ngoma ya asili kinapoteza muda, na nimesema hivyo darasani. Kila nikipata nafasi nasimama pembeni nao, najaribu, wananicheka, wananirekebisha bega.

Kisha kuna mdundiko. Wazaramo wanapomtoa mwali, ngoma haikai uani, inatoka na kutembea, inakusanya watu mtaa kwa mtaa. Wakubwa wa Dar hushika watoto wao mkono ukikaribia, kwa sababu mtoto akiufuata anaweza kupotelea mbali na kwao. Ndiyo ngoma pekee ninayoijua ambayo imelitatua jambo la nafasi: haiombi uwanja, barabara ndiyo uwanja, na gari likija ndilo linalongoja. Siku moja mdundiko ulipita karibu na Mbagala nikiwa natoka kumwona rafiki, nikaingia kati ya akina mama waliofunga kanga viunoni. Hatua yake ni ya kutembea, rahisi kuidaka, ngumu kuiacha. Sikuangalia vibao wala maduka. Waliposimama kupumzika, giza lilikuwa limeingia na simu yangu haina chaji.

Nikamfuata bodaboda aliyekuwa chini ya mwembe, nikamuuliza kituo cha daladala kiko upande gani. Akaniangalia miguu, vumbi mpaka magotini.

“Umefuata mdundiko, dada? Wewe wa tatu leo. Panda, elfu tatu.”

Nikamwambia elfu mbili. Akasema mtoto mdogo angemchukua kwa elfu mbili.