Wasichana na Mchezo wa Sataranji

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi kwamba ubao ukiwa mmoja, wavulana hushika kete na wasichana hubaki watazamaji. Kasoro hiyo haitokani na akili zao. Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, alikofuata uji waliopewa watoto wachezaji. Mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji nchini Urusi.

Basi yampasa mwalimu:

(a) aupeleke mchezo waliko wasichana;
(b) awaalike wazazi washuhudie;
(c) aandae mashindano ambamo kila mmoja hukutana na wenzake wote, maana atolewaye mapema hajifunzi.

Zoezi: Darasani mwako, nani hushika kete, na kwa nini?