AKIBA YA HARAGWE

Mvua ya masika ilipoanza mwaka jana, mama alinipa kopo moja la mbegu za maharagwe, Rosecoco, akaniambia nipande mwenyewe. Nami kwa kutaka sifa nikachimba mashimo ya karibu shubiri nzima! Wiki mbili zikapita, yakachomoza machache tu. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba mbegu nyingine hakuna. Neno hilo liliniuma, nikarudi shuleni kumwuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mbegu ni msafiri aliyefungiwa masurufu. Haragwe lina vipande viwili viitwavyo kotiledoni, na ndani yake mna wanga na protini. Katika gramu 100 za maharagwe makavu, protini ni takriban gramu 20 hadi 25.

Mbegu ikishanywa maji, vimeng'enya huanza kukatakata protini hiyo. Protini ni kama mkufu wa shanga, na kila shanga ni asidi-amino. Mkufu mzima hauwezi kusafiri, lakini shanga mojamoja hupelekwa hadi kwenye mzizi na shina changa, zikatungwa upya kuwa protini za mche.

Lakini ngoja kwanza! Si shanga zote hutungwa upya. Nyingine huvunjwa kabisa. Sehemu yenye kaboni huchomwa ili mche upate nguvu, hasa gizani ambako hauwezi kujitengenezea sukari. Sehemu yenye naitrojeni hubaki kama amonia, nayo ikizidi ni sumu. Sisi binadamu hutoa naitrojeni iliyozidi kwa mkojo. Je, mche ambao hauna choo utafanyaje?

Mche huifunga amonia hiyo ndani ya asidi-amino nyingine iitwayo asparajini. Jina hilo limetokana na mmea wa asparagasi, ambako Wafaransa wawili, Vauquelin na Robiquet, waliipata mwaka 1806. Kwa hiyo miche ya jamii ya kunde ikikaa gizani, asparajini hujaa ndani yake. Ikifika juani na kupata sukari, naitrojeni ile hutolewa tena ikajenga protini mpya. Hakuna kinachotupwa.

Sasa nikaelewa kosa langu. Haragwe hutakiwa lifukiwe sentimita 3 hadi 5 hivi. Yangu yalikuwa na safari ndefu mno gizani, yakila akiba na kuichoma, bila jua la kuwapa nyingine. Mengi yaliishiwa njiani.

Msimu uliofuata nilipima kina kwa vidole viwili tu. Yaliota, na mama akacheka.

Wenzangu, wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini huisha. Tukiwa wakulima wa kesho, tusiizike akiba ya mbegu mbali na jua.