Jua Haki Zako: Kurusha Nyimbo Bure Hakukuondolei Kosa

Kijana ana grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili. Albamu mpya ikitoka tu, anaipakua na kuirusha humo nyimbo zote. Hatozi mtu hata senti. Anasema anawatangaza wasanii wa nyumbani. Jirani yake ana kibanda stendi, na mteja akileta memori kadi anamjazia nyimbo na muvi kwa malipo. Je, Tanzania inawatazamaje hawa wawili?

Wote wanaweza kushtakiwa. Kinachotofautiana ni adhabu, na hata ya yule asiyeuza ni nzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kilicho chako na kisicho chako

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mbunifu tangu anapoitengeneza kazi yake, awe ameisajili au hajaisajili. Usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, unamsaidia kuthibitisha umiliki pakitokea mgogoro. Ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nyimbo za mwanamuziki aliyefariki juzi, kwa hiyo, hazijawa mali ya umma.

Wewe nawe umeachiwa nafasi. Kifungu cha 12 kinaruhusu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi yako binafsi, kunukuu sehemu yake kwa kiasi cha haki huku ukitaja chanzo, na kuitumia kama kielelezo cha kufundishia. Ukiuhamisha wimbo ulioununua kutoka kompyuta yako kwenda simu yako, huna kosa. Ukiurusha kwa watu mia mbili, hayo si matumizi binafsi tena.

Adhabu ya mtandaoni

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki miliki za mtu. Asiyefanya biashara akitiwa hatiani, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyefanya kwa biashara, faini haipungui milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Juu ya hapo kuna fidia kwa aliyeumizwa.

Shika jambo moja: upande wa mashtaka lazima uthibitishe nia. Mtu aliyetumiwa faili bila kuliomba hayuko sawa na aliyelipakua na kulisambaza akijua mwenyewe hajaruhusu.

Ubishi uko wapi

Wasanii wana hoja nzito. Wamelipa studio, wamelipa prodyuza, wamelipa mpiga picha wa video. Kazi ikisambaa bure Telegram siku ileile ilipotoka, jasho lao linapotea, na kusema "sikuuza" hakurudishi chochote.

Lakini hapa sheria imeweka sakafu ya adhabu bila kuweka dari. Mwanafunzi aliyewatumia wenzake muvi moja anaanzia milioni 5, kiasi ambacho familia nyingi hazijawahi kukishika kwa mkupuo. Naona hilo si haki. Asiyefanya biashara, tena kosa likiwa la kwanza, alipe fidia inayolingana na hasara aliyosababisha, na kiasi hicho kimfikie msanii mwenyewe. Ukali uelekezwe kwa wanaoendesha tovuti na vibanda kwa kazi za watu na kuvuna pesa kila siku.

Polisi wakija

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuidhinisha upekuzi na kuchukua kifaa, akiridhika kuwa zipo sababu za msingi. Usigombane nao wala usifute chochote, ila dai haki zako:

- Uambiwe kosa unalotuhumiwa.
- Upewe stakabadhi ya kila kilichochukuliwa, yenye saini yako na ya mashahidi. Kagua kama aina na namba ya simu zimeandikwa sawasawa kabla hujaweka saini.
- Ukihojiwa, taja jina na anwani yako. Maswali mengine hulazimiki kuyajibu.
- Uruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Wewe msanii ukiibiwa

Kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinakuruhusu kumwandikia mtoa huduma taarifa ya kutaka kazi yako iondolewe. Andika jina lako kamili, anwani na simu, haki iliyokiukwa, mahali hasa faili lilipo, hatua unayotaka ichukuliwe, na tamko kwamba unayoyasema ni ya kweli. Kisha weka saini. Kabla ya kutuma, piga picha ya ukurasa ikionyesha tarehe, maana faili likishaondolewa ushahidi nao umeondoka. Tunza pia mafaili ya awali ya studio na makubaliano yako na prodyuza.

Nawe msikilizaji, wimbo ukikukuna na ukataka wenzako wausikie, watumie kiungo cha ukurasa rasmi wa msanii badala ya faili. Wataupata wimbo uleule, msanii atapata haki yake, na wewe hutakuwa na kesi ya kujibu.